Mfamasia na Mwenendo wa Maisha: Historia ya Somo Marekani

Chuo cha kwanza cha famasia Marekani, Philadelphia College of Pharmacy, kilianzishwa mwaka 1821. Kwa miongo mingi, chuo hicho na vilivyofuata vilifundisha kemia, mimea ya dawa, na namna ya kusaga, kupima na kuchanganya. Mambo ya chakula, usingizi na mazoezi yalihesabiwa kuwa ya daktari.

Kufikia katikati ya karne ya 20, viwanda vilikuwa vimechukua kazi ya kutengeneza dawa. Mfamasia alibaki kuhesabu vidonge na kubandika lebo. Kanuni za maadili za American Pharmaceutical Association za mwaka 1952 zilimkataza hata kuzungumza na mgonjwa kuhusu kazi ya dawa aliyoandikiwa. Mgonjwa akiuliza, alirudishwa kwa daktari. Wakati huohuo, maduka mengi ya dawa yaliuza sigara. Kabla ya kufundishwa kushauri, mfamasia alihitaji kwanza ruhusa ya kusema.

Mwaka 1960, Eugene White, mfamasia wa mji mdogo wa Berryville, Virginia, aliondoa bidhaa za rejareja dukani mwake, akalipanga kama ofisi ya mshauri na kuweka kumbukumbu za dawa za kila familia. Mwaka 1966, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilifungua kituo cha dawa kwenye ghorofa ya 9 ya hospitali yake, ambako wafamasia walifanya kazi pamoja na madaktari na wauguzi karibu na wagonjwa. Kanuni za maadili zilirekebishwa mwaka 1969, na lile katazo la kuzungumza na mgonjwa likaondoka.

Mwaka 1990, wasomi wa famasia Charles Hepler na Linda Strand waliandika kwamba mfamasia anawajibika kwa matokeo ya matibabu, si kwa kutoa dawa tu. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya shirikisho iliyotaka wagonjwa wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wapewe nafasi ya kushauriwa na mfamasia. Stadi za mazungumzo zikawa sehemu muhimu ya masomo.

Mwaka 1996, chingamu na plasta za nikotini zilianza kuuzwa bila cheti cha daktari, na anayetaka kuacha sigara akawa anafika moja kwa moja kwa mfamasia. Vyuo vya famasia vya California vikaandaa mafunzo yaitwayo Rx for Change. Mwanafunzi hujifunza kumuuliza mteja kama anavuta, kumshauri aache, kupima utayari wake, kumsaidia kupanga siku ya kuacha, kisha kumfuatilia. Wanafunzi hufanya mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mvutaji na mwenzake mfamasia. Mwaka huohuo wa 1996, katika mji wa Asheville, North Carolina, wafamasia waliofunzwa walianza kukutana mara kwa mara na wafanyakazi wa mji wenye kisukari, na udhibiti wa sukari ya wagonjwa hao ukaimarika.

Mwaka 2008, San Francisco ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku katika maduka ya dawa. Leo lishe, mazoezi, chanjo na shinikizo la damu vimo katika mitaala, na baadhi ya vyuo humtaka mwanafunzi ajaribu kwanza kubadili tabia yake mwenyewe, ajue uzito wa jambo atakalomshauri mgonjwa.