Dunia Iliumbwa kwa Nini?

Natumaini madarasa yote yamekwisha kukusanyika na mwalimu ana chaki mkononi. Leo ni somo la historia. Tutazungumza juu ya swali ambalo Wakristo wameliuliza kwa karne nyingi: Mungu aliumba dunia kwa kusudi gani? Wasio Wakristo wasiondoke barazani. Hatuhubiri. Twataka kuona jinsi wazo moja lilivyoingia katika maisha ya watu, likawapa faraja, kisha likawaletea ugomvi.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno UTUKUFU. Wasomaji walitazame pamoja na ndugu zake: tukuka, tukuza, mtukufu. Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno lenyewe ni kabod, na asili yake ni uzito. Nasi pia husema kwamba maneno ya mzee fulani yana uzito. Mwenye utukufu hapeperushwi kama makapi.

Mwaka 1643 wachungaji na wataalamu wa dini walikutana Westminster, mjini London, kwa amri ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1647 walimaliza kitabu kidogo cha maswali na majibu. Swali la kwanza kabisa lahusu shabaha kuu ya maisha ya mwanadamu, na jibu lake linaunganisha utukufu wa Mungu na furaha ya mtu. Watoto wa Scotland, na watoto wa makoloni ya Waingereza kule Amerika, walijifunza jibu hilo kwa moyo kabla hawajajua kuandika barua.

Mmoja wa waliolelewa katika mafundisho hayo alikuwa Jonathan Edwards. Alizaliwa mwaka 1703 katika koloni la Connecticut, akasoma chuo cha Yale, kisha akawa mchungaji wa mji wa Northampton, Massachusetts. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mpenda vitabu. Mahubiri yake yaliwatoa watu machozi, lakini mwaka 1750 washarika wake walimfukuza kwa sababu ya ugomvi juu ya nani astahili kushiriki Chakula cha Bwana. Mwaka uliofuata akahamia Stockbridge, kijiji cha mpakani, akawahudumia Wahindi Wekundu wa kabila la Wamohican. Huko, mwaka 1755, aliandika kitabu juu ya swali letu.

Kulikuwa na shida moja ambayo ilimbidi aijibu, nayo ni shida ya kweli. Mtu aweza kusema hivi: Ikiwa Mungu aliumba dunia kwa ajili ya utukufu wake mwenyewe, je, si sawa na mtawala mwenye majivuno, anayejenga mji ili watu wamsifu? Edwards alijibu kwamba mwenye majivuno hutafuta sifa kwa sababu amepungukiwa. Mungu hapungukiwi na kitu. Yeye ni kama jua. Jua haliangazi ili lipate mwanga kutoka kwetu. Laangaza kwa sababu mwanga umejaa ndani yake. Ni kama chemchemi pia, ambayo hufurika kwa kuwa imejaa. Basi Mungu aliumba ili wema wake umiminike, na viumbe waujue, waupende, waufurahie. Kufurahi kwao katika wema huo ndiko kumtukuza. Kwa hiyo, alisema, utukufu wa Mungu na heri ya viumbe si vitu viwili vinavyoshindana. Ni kitu kimoja.

Mimi naona jibu hilo ni zuri. Hata asiyeliamini aweza kukubali kwamba limejengwa vema. Lakini sasa twende kwenye jambo jingine juu ya mtu huyu huyu.

Mwaka 1731 Edwards alisafiri mpaka bandari ya Newport, katika koloni la Rhode Island. Huko alimnunua msichana Mwafrika aitwaye Venus, mwenye umri wa miaka 14 hivi, kwa pauni 80. Hati ya manunuzi ipo hata leo. Alikuwa na watumwa wengine baadaye, na alipokufa mwaka 1758, baada ya kuchanjwa ndui, orodha ya mali yake ilikuwa na jina la mtoto wa kiume, Titus. Wasikilizaji wa Unguja na Bagamoyo hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto kuandikwa katika orodha ya mali.

Je, hakuliona jambo hilo? Aliliona nusu. Kuna maandishi yake aliyoyaandika alipokuwa akimtetea mchungaji mwenzake, ambaye washarika walimlaumu kwa kuwa na watumwa. Edwards alisema biashara ya kuwachukua watu kutoka Afrika ni mbaya. Lakini alisema pia kwamba wanaolaumu nao wanakula matunda ya kazi ya watumwa. Neno hilo lilikuwa kweli, ila alilitumia kama ngao, na watumwa wake wakabaki watumwa.

Kitabu chake hakikutoka mpaka mwaka 1765, miaka saba baada ya kufa kwake. Samuel Hopkins, mwanafunzi wake wa zamani, ndiye aliyeyashughulikia maandiko yake. Hopkins naye aliwahi kuwa na mtumwa. Mwaka 1770 aliitwa kuwa mchungaji, na mji ulikuwa Newport, bandari ile ile! Katika mji huo mwalimu mwanamke, Sarah Osborn, alikuwa amekwisha kuwakusanya Waafrika wengi nyumbani kwake kwa maombi. Meli za Newport zilipeleka pombe kali ya miwa Afrika ya Magharibi na kurudi na watu. Hopkins aliwaona watu hao kwa macho yake.

Ndipo akalichukua wazo la mwalimu wake akalisukuma mbele. Ikiwa utukufu wa Mungu na heri ya viumbe ni kitu kimoja, basi anayemnyang'anya mwenziwe heri yake kwa faida yake mwenyewe anapigana na kusudi la kuumbwa dunia. Hopkins alifika mbali sana katika kufikiri kwake. Alifundisha kwamba Mkristo awe tayari hata kupotea milele, kama utukufu wa Mungu wadai hivyo. Wengi walimcheka kwa hilo, na siwalaumu. Lakini juu ya utumwa hakuchekesha. Alihubiri mbele ya watu waliotajirika kwa biashara hiyo, na mwaka 1776 alitoa kijitabu kilichowataka viongozi wa Amerika, waliokuwa wakidai uhuru wao kwa Mwingereza, wawape watumwa wao uhuru pia.

Miongoni mwa washarika wake alikuwapo John Quamine. Huyu alizaliwa Pwani ya Dhahabu, ambayo siku hizi ni Ghana. Baba yake alimkabidhi kwa nahodha wa meli ili apelekwe shule. Nahodha akamwuza. Quamine alikaa utumwani miaka mingi, mpaka yeye na mwenzake, Bristol Yamma, walipobahatika katika bahati nasibu. Kwa fedha hizo Quamine alijikomboa. Mwaka 1774 Hopkins aliwapeleka wote wawili Princeton wakasome, ili warudi Afrika kuwa wahubiri. Vita vya uhuru vikaukatiza mpango huo. Mke wa Quamine alikuwa bado mtumwa, naye Quamine akajiunga na meli ya kivita ili apate fedha za kumkomboa. Aliuawa baharini mwaka 1779. Mwaka 1784 Rhode Island ilitunga sheria ya kuwapa uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu mwaka huo.

Edwards alikuwa na mwana mwenye jina kama lake, ambaye alikulia Stockbridge akicheza na watoto wa Wamohican na kusema lugha yao. Naye akawa mchungaji. Mwaka 1791, huko New Haven, alihubiri kwamba anayemshika mtu utumwani anamwibia uhuru wake kila siku anayomshika. Hotuba hiyo ilipigwa chapa.

Hapo ndipo muda wetu unapokwisha. Mwalimu atawasomesha tena aya inayohusu jua na chemchemi, kisha darasa lijadili swali hili: Je, Hopkins alilibadili wazo la mwalimu wake, au alilitii kuliko mwalimu mwenyewe? Kwaherini.