Namba Ndani ya Simu: Historia ya Vifaa Tambulishi na Faragha Nchini Tanzania, kwa Kuangazia Kata ya Myamba, Same

Insha hii inachunguza namba tambulishi zinazowekwa ndani ya vifaa vya kielektroniki na athari zake kwa faragha. Hoja kuu ni kwamba, nchini Tanzania, wajibu wa kutambulika ulitangulia sheria ya kumlinda anayetambuliwa.

Mjadala huu ulivuma mwaka 1999, kampuni ya Intel ya Marekani ilipoweka namba ya pekee ndani ya prosesa ya Pentium III. Watetezi wa faragha walihimiza bidhaa hiyo isusiwe, na baadaye Intel ikaachana na namba hiyo katika prosesa zilizofuata.

Nchini Tanzania, suala hili lililetwa zaidi na simu ya mkononi. Kila simu hubeba namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo haibadiliki hata laini ikibadilishwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rajisi kuu ya namba hizo. Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole. Hapo ikawa rahisi zaidi kuhusisha kifaa na mtu. Ijapokuwa Ibara ya 16 ya Katiba inatambua faragha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nchini Kenya, mpango wa kukagua namba za simu mitandaoni ulipingwa mahakamani: Mahakama Kuu iliuzuia mwaka 2018, na Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2020.

Tuchukue mfano wa kaya ya Myamba, katika milima ya Upare. Simu moja yaweza kutumiwa na mama, mwana na jirani, kisha ikauzwa Same mjini. Rajisi huona kifaa kimoja, ilhali watumiaji ni wengi. Hivyo mtu aweza kuhusishwa na mawasiliano yasiyo yake.

Kudhibiti wizi na simu bandia ni manufaa ya kweli. Hata hivyo, uhalali wa rajisi unategemea majibu ya maswali matatu: nani anaisoma, kwa muda gani, na aliyehusishwa kimakosa alalamike wapi.