Waliosoma mawe yetu

Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zaidi ya 10 kutoka angani, vitabu husema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Neno hilo hunikera. Wenyeji walikijua zamani! Mtaalamu wa serikali ya kikoloni akakata kipande kwa msumeno wa kawaida, na kazi ikamchukua muda wa saa 10.

Huko Isimila, Iringa, mwaka 1951 mwanafunzi wa shule aliyekuwa safarini aliokota zana za mawe, akazipeleka Johannesburg.

Je, wanafunzi wetu walikuwa wapi? Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974 tu. Kabla ya hapo, aliyetaka shahada ya miamba alivuka mpaka.

Leo vijana wa shahada ya kwanza huenda Mbeya na nyundo zao. Huko Rungwe uko mlima Kyejo, uliotema lava mara ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita. Haujafa, umelala. Na ubavuni mwake watu wamejenga, wanalima ndizi.