MRI inavyofuatilia maji ndani ya ubongo

Msikilizaji, mashine ya MRI haioni seli moja moja ya ubongo. Hufuatilia maji yanavyosogea humo. Mashine hutoa mapigo ya sumaku: maji yanayosogea kwa uhuru hurudisha ishara hafifu, yaliyobanwa hurudisha ishara kali. Stejskal na Tanner waliweka msingi wa njia hii mwaka 1965.

Wataalamu hupima sana umbo la mapigo hayo. Yakiwa marefu mno, ishara hufifia. Yakibadilika haraka mno, hushtua mishipa ya fahamu ya mgonjwa.

Faida yake? Mshipa wa ubongo ukiziba, seli huvimba na maji hubanwa, hivyo kiharusi huonekana mapema. Mtu akipooza uso au mkono ghafla, mwahisheni hospitali.