Uthabiti si Usahihi: Kuchagua Toleo la Maktaba ya Hesabu katika Utafiti

Mtafiti anayechakata takwimu za mvua au za uchumi kwa lugha ya Python huitegemea NumPy, maktaba ya programu inayobeba hesabu za safu za namba, hata kama hajawahi kuiita moja kwa moja. Maktaba za Pandas na SciPy, kwa mfano, zimejengwa juu yake. Akikuta matoleo yake mawili, moja thabiti na jingine la majaribio, huambiwa achukue lililo thabiti. Ushauri huo una manufaa. Sababu inayotolewa kuutetea, kwamba toleo thabiti ndilo lenye majibu sahihi, haisimami.

Kwa miaka mingi, matoleo thabiti ya NumPy yaliihifadhi namba nzima kwa biti 32 kwenye Windows, mtumiaji asipotaja aina nyingine, ilhali kwenye Linux ya biti 64 ilihifadhiwa kwa biti 64. Chanzo kilikuwa aina ya namba iliyorithiwa kutoka lugha ya C. Kikomo cha biti 32 ni 2,147,483,647. Kwa hiyo safu yenye 50,000 ikizidishwa kwa 50,000 ilitoa 2,500,000,000 kwenye Linux na -1,794,967,296 kwenye Windows, bila onyo lolote. Tabia hiyo ilijulikana, nayo ilidumu toleo baada ya toleo. Uthabiti, basi, ni ahadi ya kutobadilika, wala si ahadi ya kutokosea.

Tofauti hiyo kati ya Windows na Linux iliondolewa na NumPy 2.0, iliyotolewa Juni 2024 baada ya matoleo ya majaribio. Ilikuwa mara ya kwanza kwa namba kuu ya toleo kubadilika tangu 1.0 ya mwaka 2006. Hata hivyo, upya nao si kinga. Zamani, namba 100 ya biti 8 isiyo na alama ikijumlishwa na 200 ya kawaida, NumPy ilipanua aina na kujibu 300. Kwa kanuni mpya aina haipanuki kufuata thamani. Jibu ni 44, pamoja na onyo. Kanuni hii inatabirika zaidi, lakini msimbo ulioegemea ile ya zamani unabadilika majibu.

Kigezo cha kuchagua, kwa hiyo, ni kazi iliyokusudiwa. Matokeo ya kuchapishwa yatoke kwenye toleo thabiti, namba yake itajwe katika maelezo ya mbinu, na lisibadilishwe katikati ya utafiti. Anayerudia hesabu anahitaji msingi usiosogea, ilhali toleo la majaribio linaweza kurekebishwa kabla ya kutolewa rasmi. Isitoshe, vifurushi vilivyokusanywa kwa NumPy 1 vilihitaji kukusanywa upya ili vifanye kazi na 2.0, hivyo aliyehama mapema alijikuta na maktaba mpya isiyo na wenzake.

Lakini wote wakingoja, nani atajaribu? Mpishi huonja mchuzi ungali jikoni. Ukishapakuliwa, chumvi iliyozidi haitoki. Kipindi cha majaribio ndicho ambacho malalamiko ya mtumiaji yanaweza kubadilisha uamuzi wa watunzaji wa maktaba bila kuwavurugia wengine kazi. Watafiti wasiojitokeza wakati huo hupokea uthabiti uliopimwa kwa data za watu wengine.

Itasemwa kwamba mwanafunzi mwenye kompyuta moja na bando la kuhesabu hana nafasi ya majaribio. Pingamizi hili lina uzito, ila kujaribu hakudai mengi: inatosha kuunda mazingira yaliyotengwa, kusakinisha humo toleo la majaribio, kurudia uchambuzi mmojawapo wa zamani na kulinganisha majibu. Yakitofautiana, huenda kosa ni la toleo jipya, na watunzaji waambiwe mapema. Huenda pia toleo jipya halina kosa, na jedwali lililokwisha kuchapishwa ndilo lenye kasoro.