Kutoka Ilimba hadi Memori Kadi

Muziki wa kubebeka ulikuwapo Ugogo, katikati ya Tanzania, kabla ya betri: ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi vilitembea na mpigaji kijiji hadi kijiji. Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alivifikisha hadi majukwaa ya Ulaya. Redio ya transista ilitenganisha muziki na mpigaji. Kaseti ikampa msikilizaji hiari ya kuchagua wimbo na saa yake. Wokmani ya Sony, iliyotoka Japani mwaka 1979, ilimfaa abiria wa basi kuliko mkulima wa Ugogo, maana ngoma ya Kigogo, yenye sauti nyingi zinazopokezana, ni ya kundi, si ya sikio moja.

Kusikokuwa na umeme, mnunuzi aliuliza kwanza habari za betri. Zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo! iPod ya mwaka 2001 ilihitaji kompyuta, hivyo haikufaa huko. Vilivyofaa ni viredio vya bei nafuu vyenye betri ya kuchaji na tundu la flashi au memori kadi, kisha simu. Nyimbo zilipakiwa kwenye vibanda vya mjini kwa malipo madogo, ambayo kwa kawaida hayakumfikia mtunzi.