Cherehani cha bibi si chuma chakavu

Huku Harborne baridi imeanza kubana. Wiki hii nina zamu za usiku, kwa hiyo mchana napata saa moja mbili za kuandika.

Leo nina jambo. Nimesikia kwamba cherehani cha marehemu bibi, kile kilichoko stoo, kinataka kuuzwa kwa watu wa chuma chakavu, tena kwa kilo. Jamani, kabla hamjakipandisha kwenye mkokoteni, naomba msome hapa mpaka mwisho.

Mwezi uliopita nilinunua ndugu yake. Barabara kuu ya hapa Harborne ina maduka mengi ya hisani. Watu wanatoa vitu vyao vya zamani bure, duka linaviuza, faida inakwenda kwa wagonjwa, watoto au wanyama. Ni mitumba tu, ila ya hukuhuku. Nilikikuta chini ya meza, ndani ya sanduku lake la mbao: cheusi, cha kuzungusha kwa mkono, kina maua ya dhahabu yaliyofifia. Singer 99K. Paundi 25, na muuzaji alidhani nataka kukifanya pambo la sebuleni!

Hiyo K ndiyo iliyonifanya nianze kusoma. Ni K ya Kilbowie, mahali kiwanda cha Singer kilipojengwa katika mji wa Clydebank, Scotland. Kilifunguliwa 1885 na kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya vyerehani duniani. Mwaka 1913 vilitoka humo vyerehani zaidi ya milioni moja, kwa mwaka mmoja tu. Kiwanda kilikuwa na stesheni yake ya treni, na mpaka leo stesheni hiyo inaitwa Singer.

Mwenye jina, Isaac Singer, alikuwa Mmarekani, na wala si yeye aliyekuwa wa kwanza. Mfaransa Thimonnier alikuwa na vyerehani mapema kiasi kwamba mwaka 1831 mafundi wa Paris waliingia kwenye karakana yake wakavivunja, wakihofia kukosa kazi. Elias Howe alipata hataza yake 1846, Singer akapata yake 1851. Inasimuliwa kwamba Singer alitengeneza mashine kwa kumhurumia mkewe aliyekuwa akiumia macho kwa kushona. Hata Mahatma Gandhi, ambaye hakupenda mashine, aliisimulia hadithi hiyo mwaka 1924 akasema cherehani hana ugomvi nacho. Ni hadithi nzuri, ila huyo bwana alikuwa na watoto zaidi ya 20 kwa wanawake kadhaa, sasa sijui alikuwa akimhurumia yupi!

Kilichovifikisha vyerehani hivi kwa watu wa kawaida ni mkopo. Mwanzoni kimoja kiliuzwa zaidi ya dola 100, na hizo zilikuwa pesa za tajiri. Mwaka 1856 mshirika wa Singer, Edward Clark, alianza kuviuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Unalipa kianzio, unakwenda nacho nyumbani, kinafanya kazi, na kazi yake ndiyo inalipa deni. Fikirieni hilo vizuri. Vitu vingi tunavyokopa leo vinakula pesa. Hiki kilikuwa kinajilipa chenyewe.

Na kwetu ndivyo kilivyoishi. Mafundi wa Kigoa walikuwa wakishona Unguja tangu karne ya 19. Uganda, lile vazi la gomesi limebeba jina la fundi Mgoa, Gomes. Neno lenyewe cherehani lina mzizi wa Kiajemi, charkh, yaani gurudumu. Kisha kikaenea kwenye baraza za maduka, mafundi wakipanga foleni ya nguo kila Idi na Krismasi. Bibi hakuwa na baraza, alishonea chumbani, lakini kila Januari sare za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake. Mama alisoma kwa kaptura za kaki za watoto wa watu. Mama akanisomesha mimi, nami leo ni muuguzi huku. Sasa hesabuni wenyewe kilo moja ya chuma hicho ni shilingi ngapi.

Mnaweza kuniambia, dada, hicho kimekufa, hakizunguki. Hata changu kilikuwa hakizunguki! Hakikuwa kimeharibika, kilikuwa kimegandana. Mafuta ya zamani yakikaa miaka yanakuwa kama gundi. Nimefanya hivi:

Kwanza nilifungua kibati cha chini ya sindano nikatoa mabaki ya nyuzi na vumbi kwa mswaki mkuukuu. Pili nilidondoshea mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, nikakiacha mpaka kesho yake. Nilirudia siku tatu, nikijaribu gurudumu taratibu bila kulilazimisha. Siku ya nne likazunguka. Kisha nikafuta, nikatia mafuta halisi ya cherehani. Tafadhali msitie mafuta ya kula wala ya nazi, ndiyo yanayogandisha.

Jambo lingine: sisi wauguzi tukiona uchafu mkono unakwenda kwenye spiriti. Usithubutu. Spiriti inayeyusha vanishi na maua yote ya dhahabu yanaondoka. Tumia kitambaa laini na mafuta ya cherehani.

Sindano nilinunua mpya, ile ya kawaida ya vyerehani vya nyumbani inayouzwa mpaka leo. Imeingia sawasawa! Simu yangu ya miaka minne iliyopita haipati tena betri, lakini mashine ya enzi za babu inapata sindano. Clydebank ilipigwa mabomu Machi 1941, kiwanda kikafungwa 1980, vyerehani bado vinashona. Vilitengenezwa ili mwenye navyo aweze kuvifungua kwa bisibisi.

Wazungu wenyewe walilijua hilo. Shirika la Tools for Self Reliance la kusini mwa Uingereza, kwa miaka mingi, lilikusanya vyerehani na zana kuukuu kutoka majumbani huku, watu wa kujitolea wakavikarabati, vikapelekwa Tanzania na nchi nyingine kwa mafundi. Yaani watu wanavisafirisha baharini kuvileta kwetu, nasi tunataka kuviyeyusha!

Basi ombi langu ni hili. Angalieni namba upande wa kulia, chini karibu na gurudumu. Ikianza na F au Y, au herufi mbili kama EE au EG, kimetoka Clydebank kama changu. Nitumieni picha. Mafuta ya taa na ya cherehani gharama ni yangu, na fundi pia nitamlipa. Kikizunguka, apewe yule binti wa mama mdogo anayejifunza kushona, aanze nacho.

Haya, nakwenda kulala, zamu inaanza saa moja na nusu usiku. Wasalimieni wote.